Posti ya Lampu Inaponyamaza: Historia ya Kutafuta Kosa



Katika nyumba nyingi za wazee wetu, toka Bukavu hata Kolwezi, bado kuna sanduku la mbao lenye kioo cha namba na vifungo viwili au vitatu vya kuzungusha. Ni radio ya lampu, ile ambayo baba au babu alinunua kwa mshahara wa miezi mingi. Leo wengi wameiweka juu ya kabati kama pambo. Lakini kila mara kuna mtu anayeichomeka tena kwenye umeme, anaona taa inawaka, anangoja, halafu anatuuliza sisi wa radio: "Inawaka lakini haishiki kitu. Imekufa?" Wengine wanaongeza neno zito zaidi, wanasema imelogwa, na wanaanza kutazama jirani kwa jicho baya.

Swali hilo ni la zamani kuliko sisi. Watu wameliuliza kwa miaka zaidi ya 100, na kwa kutafuta jibu lake wamevumbua mambo makubwa. Ndiyo maana katika karatasi hii tunasimulia historia ya kosa: namna watu walivyojifunza kujua sauti imepotelea wapi. Mwenye kuifahamu historia hiyo hatatupa posti nzima, hatamlipa fundi mwongo, wala hatamshitaki mtu asiye na hatia.

Tangu mwanzo tushike jambo moja. Sauti ya radio inapita mahali patatu: kwenye kituo kinachorusha, njiani hewani, na ndani ya posti inayopokea. Ukimya unaweza kuzaliwa mahali popote kati ya hapo patatu. Karibu makosa yote ya watu yanatoka hapa: wanahukumu mahali pa tatu kabla ya kuuliza habari za mahali pa kwanza na pa pili.

1. LAMPU ILITOKA WAPI

Katika miaka ya 1880, Thomas Edison wa Marekani alikuwa anatafuta sababu ya taa zake za umeme kuwa nyeusi ndani ya kioo. Aliona kwamba umeme unaweza kuruka kutoka kwenye uzi wa moto kwenda kwenye kipande cha chuma kilichowekwa karibu, ingawa havigusani. Hakujua atautumiaje. Mwaka 1904, Mwingereza John Ambrose Fleming aliligeuza jambo hilo kuwa chombo. Lampu yake iliruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, kama mlango usiofunguka kwa nyuma, na hivyo iliweza kufanya mawimbi ya radio yasikike.

Mwaka 1906, Lee de Forest aliongeza kitu cha tatu. De Forest alikuwa mtoto wa mchungaji. Baba yake aliongoza Talladega College kule Alabama, shule iliyofundisha watu weusi waliotoka utumwani. Ndani ya lampu, katikati ya uzi wa moto na bamba la chuma, alitia wavu mdogo wa waya. Wimbi dhaifu likifika kwenye wavu huo linatawala umeme mwingi unaopita, kama mkono wa mtoto unavyofungua bomba la maji mengi. Ndiyo kazi ya lampu mpaka leo: kitu kidogo sana kinatawala kitu kikubwa.

Kutokana na hayo tunapata somo la kwanza kwa mtafuta kosa. Taa ya kioo cha namba kuwaka haina maana kwamba lampu zinafanya kazi. Taa ile ni balbu tu ya kuonyesha namba. Lampu inahitaji vitu viwili: uzi wake uwe na moto, na bamba lake liwe na umeme wa volti nyingi. Kimoja kikikosekana, posti itawaka vizuri machoni na itakaa kimya.

Katika posti nyingi za bei nafuu za miaka ya 1940 na 1950, viwanda viliondoa transfoma na kuunga nyuzi za lampu zote kwa mstari mmoja, umeme ukitoka lampu moja kwenda nyingine. Kule Marekani posti ya namna hiyo ilikuwa na lampu tano, na volti za nyuzi zao zikijumlishwa zinakaribia 120, sawa na umeme wa nyumbani kwao. Viwanda vya Ulaya vilifanya vivyo hivyo kwa umeme wao. Ubaya wake ni huu: lampu moja ikikatika uzi, zote zinazimika pamoja. Mtu asiyejua atasema posti nzima imekufa, kumbe ni mmoja tu kati ya watano.

2. KELELE ZILIZOTOKA KWA JIRANI

Mwaka 1912 kijana Edwin Howard Armstrong, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, alipata njia ya kuipa lampu nguvu zaidi. Alichukua sehemu ya sauti iliyokwisha kukuzwa akairudisha mwanzo ili ikuzwe tena na tena. Lampu moja ikafanya kazi ya nyingi. Watu wa kawaida sasa waliweza kujitengenezea posti na kusikia vituo vya mbali.

Lakini mtu akizungusha kifungo kupita kiasi, posti yake ilianza kupiga filimbi. Mbaya zaidi, yenyewe iligeuka kuwa kituo kidogo na kurusha filimbi ile hewani, ikawaharibia majirani wa mtaa mzima. Katika miaka ya 1920 BBC ya Uingereza iliwasihi wasikilizaji wake waache kufanya hivyo. Fikirini jambo hilo: watu walipiga kelele wakilalamikia kituo, na kelele ilitoka kwa mtu wa nyumba ya tatu aliyetaka kusikia zaidi ya wengine.

Mwaka 1918, akiwa ofisa wa jeshi la Marekani mjini Paris, Armstrong alitengeneza mpango mwingine, na huo ndio uliomo katika karibu posti zote za lampu zilizofika kwetu. Posti inatengeneza wimbi lake yenyewe ndani, inalichanganya na wimbi la kituo, na tofauti ya hayo mawili inabaki namba moja siku zote. Katika posti nyingi namba hiyo ni kilohezi 455. Ukitafuta kituo cha kilohezi 1,000, posti inatengeneza 1,455. Ukihamia 1,200, inatengeneza 1,655. Sehemu zinazofuata hazihangaiki kubadilika. Zinakuza namba ile moja tu, na kwa hiyo zinaikuza vizuri.

Hapa mafundi wa zamani walipata alama muhimu. Posti ikitoa sauti ndogo ya "shhh" lakini haishiki kituo hata kimoja kutoka mwanzo wa namba hadi mwisho, mara nyingi ni wimbi la ndani lililokufa. Walikuwa na njia ya kulijaribu bila chombo cha bei. Waliweka karibu radio nyingine nzima, wakaiweka kwenye mawimbi ya kati kama kilohezi 1,455, kisha wakazungusha polepole namba za posti mgonjwa kuzunguka 1,000. Kama wimbi la ndani ni zima, ile radio nyingine itapiga filimbi au kelele yake itatulia kwa ghafla. Isipobadilika kabisa, fundi anajua lampu ya kuchanganya au vitu vilivyo karibu nayo ndipo pa kutazama.

Armstrong huyo huyo ndiye aliyeleta FM, ambayo alipewa haki zake mwaka 1933. Hii inatufikisha kwenye jibu ambalo tunalitoa mara nyingi. Posti nyingi za zamani zina mawimbi ya kati na mafupi tu. Mwenye posti ya namna hiyo akitafuta kituo cha FM hatakipata hata siku moja, na posti yake haina ugonjwa wowote.

3. KELELE ZILIZOTOKA MBALI

Wasikilizaji wa kwanza walishangaa kuona vituo vya mbali vinasikika usiku, vinapotea mchana, na sauti inapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa. Mwaka 1902, Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walisema kuna tabaka juu angani linalorudisha mawimbi chini. Mwaka 1924 Edward Appleton alithibitisha kwamba lipo kweli, na mwaka 1947 alipewa tuzo ya Nobel. Mchana jua linabadilisha matabaka ya juu hata mawimbi ya kati yanamezwa. Usiku yanarudishwa na kufika mbali. Kwa hiyo mtu anayejaribu posti ya zamani saa sita ya mchana na kukosa vituo vya mbali, angoje jioni kabla ya kuhukumu.

Kupanda na kushuka kwa sauti kulipata dawa ndani ya posti. Mwaka 1925 Harold Wheeler wa Marekani alitengeneza njia ya posti kujipunguza yenyewe kituo kikiwa na nguvu na kujiongeza kikiwa dhaifu. Sehemu hiyo ikiharibika tunaona dalili ya ajabu: vituo vya karibu vinakwaruza na kugeuza sauti za watu, wakati vile dhaifu vinasikika kwa uzuri.

Jambo kubwa zaidi lilitokea kwa kijana Karl Jansky. Kampuni ya simu ya Marekani ilikuwa inauza mazungumzo ya kuvuka bahari kwa radio, na wateja walilalamika juu ya kelele. Jansky, mtumishi wa Bell Labs, alitumwa kutafuta zinatoka wapi. Kule Holmdel, New Jersey, alijenga antena ndefu ya karibu mita 30 juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inazunguka duara zima kwa dakika 20. Alisikiliza kwa miezi mingi na kuandika. Akakuta kelele za namna tatu. Ya kwanza ilitoka kwenye radi za karibu. Ya pili ilitoka kwenye radi za mbali. Ya tatu ilikuwa mvumo mdogo usiokoma, na kila siku ulirudi mapema kwa dakika nne hivi kuliko siku iliyotangulia.

Dakika nne hizo ndizo zilizomfungua macho. Jua halina tabia hiyo, nyota ndizo zenye tabia hiyo. Mwaka 1933 alitangaza kwamba mvumo ule unatoka katikati ya kundi la nyota tulimo, ile njia nyeupe tunayoiona angani usiku. Elimu nzima ya kusikiliza nyota kwa radio ilianza na malalamiko ya wateja wa simu. Jansky hakusema "ni kelele tu." Aliuliza inatoka wapi, saa ngapi, upande gani.

Kelele zake mbili za kwanza tunazijua sana sisi watu wa Kivu. Watafiti waliohesabu radi kwa satelaiti walionyesha mwaka 2016 kwamba Kabare, karibu na Bukavu, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Walihesabu karibu radi 205 kwa mwaka katika kilometa moja ya mraba, na kule Maracaibo 233. Radio ya mawimbi ya kati na mafupi inasikia kila radi kama mkwaruzo. Mtu wa Kabare anayesikia kelele za kupasuka jioni ya mvua hana haja ya kununua lampu mpya. Ana haja ya kungoja mvua ipite, na kuchomoa antena ya nje, kwa maana tutakayoieleza mbele.

4. NJIA ZA HAPA KWETU

Kongo ilipata radio ya kuwasikilizisha watu mwaka 1937, mapadre Wajesuiti walipoanzisha Radio-Léo katika Collège Albert mjini Léopoldville. Mwaka 1940 ikaja Radio Congo Belge. Mwaka 1943, Ubelgiji ikiwa mikononi mwa Wajerumani, mtambo mkubwa wa kilowati 50 ulianza kurusha kutoka Léopoldville kwa mawimbi mafupi, ili Wabelgiji waliofungiwa kwao wasikie sauti kutoka Afrika. Posti za kupokea zilikuwa hasa nyumbani mwa Wazungu, kwa sababu ya bei, na kwa sababu zilihitaji umeme.

Kule ng'ambo ya Katanga, katika nchi iliyoitwa wakati ule Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kituo cha Lusaka kilikuwa kimeanza mwaka 1941 kwa ajili ya habari za vita. Mkuu wa habari wa serikali, Harry Franklin, aliona kwamba kituo hakina maana ikiwa wananchi hawana posti. Alihangaika mpaka kampuni ya mawe ya radio ya Uingereza, Ever Ready, ikakubali mwaka 1949 kutengeneza posti ndogo ya lampu nne. Ganda lake lilikuwa la alumini, la mviringo kama sufuria, rangi ya buluu, na watu wakaiita radio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na jiwe lake pauni 1 na shilingi 5, la kutumika saa 300 hivi. Kituo kilisema kwa Kibemba na lugha nyingine za wananchi, na Kibemba kinasemwa pia Katanga. Mawimbi hayajui mpaka.

Posti za lampu zinazotumia mawe ziliwafundisha watu ugonjwa wa pekee. Zilihitaji umeme wa namna mbili: volti ndogo, mara nyingi 1.5, za kuwasha nyuzi, na volti nyingi, mara nyingi 90, za mabamba. Jiwe la nyuzi likianza kuchoka, jambo la kwanza kupotea si sauti. Wimbi la ndani ndilo linalokata, na linaanzia mawimbi mafupi ya juu. Msikilizaji anaona vituo vya upande mmoja wa namba vimetoweka na vya upande mwingine vingalipo, anadhani vituo vimefungwa. Kumbe jiwe linaomba kubadilishwa.

Lakini wakati mwingine kituo ndicho kimefungwa kweli. Usiku wa tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza kwa radio ya Léopoldville kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba, na Lumumba akafika kwenye radio hiyo hiyo kumjibu. Kesho yake, kikosi cha Umoja wa Mataifa kilifunga kituo. Kasa-Vubu aliweza bado kusema kupitia Brazzaville, ng'ambo ya mto, na Lumumba alikosa mahali. Siku zile, hakuna fundi ambaye angeweza kurudisha sauti ile kwa kubadilisha lampu. Ukimya ulikuwa umetengenezwa mahali pa kwanza, na ulibadilisha mambo ya nchi.

5. ANTENA, MTUHUMIWA WA KWANZA

Watumishi wa Injili kwa radio nao walikutana na fumbo lao. Kituo cha HCJB kilianza mjini Quito, Ecuador, siku ya Noeli ya mwaka 1931. Walipoongeza nguvu hata kilowati 10, ncha za antena zilianza kutoa cheche za moto usiku na kuyeyuka. Quito iko juu ya mita 2,800, na hewa nyepesi ya mlimani inaacha umeme uruke kirahisi. Mwaka 1942 injinia wao Clarence Moore alitafakari: kama moto unatoka kwenye ncha, tufanye antena isiyo na ncha. Akatengeneza antena ya waya uliozungushwa kwa umbo la mraba, na hata leo watu wa radio duniani kote wanaitumia. Hakuongeza nguvu ya mtambo wala hakubadilisha lampu. Alitazama mahali moto ulipotokea.

Kwa msikilizaji nyumbani, kanuni ni ile ile, anza na antena. Posti nyingi za lampu zilitengenezwa zikitegemea waya mrefu wa nje, mita 10 au zaidi, na waya wa pili unaoingia ardhini. Wajukuu wanaichomeka leo bila waya wowote nyuma, ndani ya nyumba ya mabati, halafu wanasema haishiki. Hata waya wa mita 5 uliotandazwa juu ya dirisha, mbali na nyaya za umeme, unabadilisha mambo.

6. NAMNA MAFUNDI WALIVYOJIFUNZA KUINGIA NDANI

Mwanzoni fundi alibadilisha lampu moja moja mpaka abahatishe, na mwenye posti alilipa gharama yote. Katika miaka ya 1930, John F. Rider wa Marekani alianza kukusanya michoro ya posti za viwanda vyote na kuichapa katika vitabu vikubwa, ili fundi wa mtaani aone kile ambacho viwanda vilificha. Yeye na wenzake walifundisha njia ya kufuata sauti hatua kwa hatua: gawanya posti katikati, uliza sauti imefika hapa au haijafika, halafu gawanya tena upande wenye kosa.

Chombo kimoja kilichosaidia kilikuwa mbele ya macho ya kila mtu. Tangu mwaka 1935 posti za bei zilikuwa na jicho la kijani, lampu ndogo ambayo kivuli chake kinajifunga kituo kikiingia vizuri. Jicho likijifunga na sauti haisikiki, kituo kimefika na kimekuzwa, kosa liko nyuma, upande wa sauti na spika. Jicho likikaa wazi kwenye vituo vyote, kosa liko mbele, kwenye antena, wimbi la ndani au sehemu za katikati. Lakini jicho la miaka mingi linafifia lenyewe, basi jicho jeusi si ushahidi.

Makosa yaliyo mengi zaidi ni haya.

Mvumo mzito usiopungua hata ukishusha sauti: kondensata kubwa za kusafisha umeme zimekauka.

Sauti inayokwaruza na lampu ya mwisho inayochemka kupita kawaida: kondensata ya karatasi inayoileta sauti kwenye lampu hiyo inavujisha umeme. Unyevu wa nchi zetu unakula karatasi zile. Posti iliyolala miaka 30 katika unyevu haifai kuaminika hata kama inaimba siku ya kwanza.

Mikwaruzo ukizungusha kifungo: vumbi na kutu kwenye kifungo, kwenye swichi ya mawimbi, au kwenye miguu ya lampu. Kusafisha kunatosha mara nyingi.

Vituo vyote ni dhaifu na vinaingiliana: huenda mtu aliona skrubu ndogo zimelegea juu ya visanduku vya chuma akazikaza kwa turnevisi. Skrubu zile hazikulegea. Kiwandani zilipimwa ili zishike ile namba 455. Aliyezikaza alidhani anasaidia, akaharibu kile kilichokuwa kizima. Msiguse skrubu hizo bila chombo cha kupimia.

7. HATARI AMBAYO HAISAMEHE

Ndani ya posti ya lampu mna volti 250 na zaidi, na kondensata zinaweza kushika umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Katika zile posti zisizo na transfoma, chuma chote cha chini kinaweza kuwa na umeme wa nyumba, na skrubu ya kifungo kilichopoteza kofia yake inatosha kuua mtoto. Asiyefunzwa asifungue nyuma ya posti iliyochomekwa. Aliyefunzwa anajua kuchomoa, kungoja, kumaliza umeme uliobaki kwa rezista, na kupima kwanza. Akilazimika kupima ikiwa na umeme, anatumia mkono mmoja, wa pili uko mfukoni.

Na antena ya nje, katika nchi ya radi kama yetu, ichomolewe mawingu yakikusanyika, si wakati ngurumo imekwisha kufika.

8. KILICHOBADILIKA HEWANI

Desemba 1947, Bell Labs ile ile ya Jansky ilitoa transista, na mwaka 1954 radio ya kwanza ya mfukoni ikauzwa Marekani. Katika miaka ya 1960 transista zilijaa vijijini mwetu, na lampu zikaanza kunyamaza. Baadaye vituo vingi vya mawimbi mafupi na ya kati vilizimwa. Tena leo taa za bei ndogo, chaja za simu na vifaa vya kubadilisha umeme wa jua vinajaza hewa kelele ambazo babu hakuzijua. Posti ya mwaka 1952 inaweza kuwa nzima kabisa na isisikie kitu mchana, kwa sababu aliyesema naye hayupo tena, na majirani wapya wanapiga kelele.

Kwa hiyo tunashauri mpangilio huu. Jaribu kwanza radio ya mawe mahali pale pale, mawimbi yale yale. Kama nayo haisikii, kosa halimo ndani ya posti. Zima chaja na taa za nyumba, ngoja usiku, tia antena na waya wa ardhini, sikiliza tena. Bado kimya? Tazama kama lampu zote zina moto. Hapo ndipo unamwita fundi, na unamweleza dalili: mvumo au hakuna mvumo, kituo kimoja au vyote, saa gani, jicho linajifunga au halijifungi. Fundi mwema atafurahi. Fundi mwongo atajua kwamba hawezi kukudanganya.

Wazee waliokuwa wakitengeneza posti hizi Lubumbashi, Bukavu na Bunia wanazidi kupungua, na ujuzi wao haukuandikwa. Mwenye mzee wa namna hiyo karibu naye, akae naye saa moja, aulize, aandike kwenye daftari. Lampu bado zinapatikana kwa anayetafuta. Masikio yaliyojua kutofautisha mvumo wa kondensata na mvumo wa radi ya mbali hayanunuliki popote.